Hadithi za Vijana Wauaji, na Jirani Asiyesema

Kuna aina ya hadithi ambayo vijana wetu wa Karagwe na Kyerwa waipenda kupita nyingine zote, nayo ni hadithi ya kijana mwuaji. Waitazama katika mabanda ya video ya Kayanga, Nkwenda, Kaisho na Murongo, na siku hizi waitazama hata shambani kwa simu, chini ya migomba. Mwenye simu huketi katikati, na wenzake wanne au watano humwinamia mabegani, wala hakuna anayekumbuka kwamba ametumwa maji.

Mambo ya hadithi hizo hufanana. Yuko kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na saba, mpole, asiye na rafiki. Moyo wake umemng'ang'ania mtu mmoja au jambo moja, wala haumwachi usiku wala mchana. Kisha watu waanza kufa mmoja mmoja. Mwisho pazia hufunuliwa, nasi twaonyeshwa utoto wake: baba aliyempiga kwa waya, mama aliyemfungia gizani, au ndugu wa nyumbani aliyemtendea mambo ya aibu. Hapo watazamaji hushusha pumzi na kusema, "Kumbe!"

Wazee wa usharika wametuuliza sisi waalimu mara nyingi kama hadithi hizo zafaa kwa vijana. Wako watakao mabanda yafungwe, na wako wasemao kwamba ni mchezo tu. Swali lao ni jema. Lakini sisi twaona liko jingine la kulitangulia: Je, hadithi hizo zasema kweli wapi, na zadanganya wapi? Maana mtu asiyejua kilicho ndani ya kapu hawezi kusema litupwe au litunzwe.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jambo hili si geni katika lugha yetu. Derek Mukandala, aliyejulikana na watu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia sinema za ng'ambo kwa Kiswahili, hata bibi asiyejua neno moja la Kiingereza akaweza kumfuata mwuaji hatua kwa hatua. Marehemu Ben Mtobwa, mwenyeji wa Kigoma, aliandika kitabu akakiita Najisikia Kuua Tena, na jina hilo peke yake latosha kumfanya msomaji ageuke atazame mlango. Naye marehemu Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Humo hamna mwuaji wa watu, lakini mna baba mlevi, Zakaria, na binti yake Rosa aliyelelewa kwa fimbo na woga. Binti huyo alipotoka chini ya mkono wa baba yake hakujua njia ya kujiongoza, na mwisho alijiua. Kitabu hicho kilikatazwa shuleni kwa muda, kisha kikaruhusiwa kufundishwa. Twakitaja kwa sababu chatukumbusha jambo ambalo sinema hulisahau: mara nyingi mtoto aliyeteswa hamwui mtu mwingine. Sumu aliyonyweshwa humwangamiza yeye mwenyewe, na jirani husema tu kwamba binti wa fulani ameharibika.

Tena si jambo geni kwa wasomaji wa Biblia. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya tisa, mwasoma habari za Abimeleki, mwana wa Gideoni kwa suria wa Shekemu. Maandiko hayasemi kwamba alipigwa. Yasema tu alikuwa mwana wa suria, na kwamba alikwenda kwa ndugu za mama yake kutafuta watu wa kumsimamia juu ya wana wa baba yake. Alipewa fedha, akaajiri watu ovyo, akawaua nduguze sabini juu ya jiwe moja. Akaokoka Yothamu tu, mdogo wao, aliyejificha. Lakini Biblia hiyo hiyo yatupa habari za Yusufu. Huyu nduguze walimchukia, wakamtupa shimoni, wakamwuza angali kijana. Baadaye akawapata nduguze mkononi mwake huko Misri, wenye njaa, wasiomjua, naye mwenye mamlaka ya kuwafunga au kuwaua. Alilia, akawalisha. Kama mateso ya ujana peke yake yangefanya mwuaji, Yusufu angaliwaua wote kumi.

Na hapa ndipo uongo wa kwanza wa hadithi hizo ulipo. Zatufundisha kufikiri kwamba mtoto aliyepigwa sana lazima atakuja kuua. Sivyo. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi katika nchi yetu nzima juu ya ukatili kwa watoto, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hata 24. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na ndugu au na mtu mwenye mamlaka juu yao. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na wavulana karibu 1 katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kijinsia. Basi hesabuni wenyewe. Kama kila mtoto aliyeumizwa angegeuka mwuaji, nani angebaki wa kumzika mwenzake? Walio wengi wamekuwa wakulima, mafundi, mama wa nyumba, na waalimu pia. Ni dhambi kumtazama mtoto mwenye makovu kana kwamba ni chui anayekua. Ameumizwa mara moja na mkono wa mkubwa wake, naye huumizwa mara ya pili na macho yetu.

Uongo wa pili ni wa namna nyingine. Hadithi hizo zikiisha kutuonyesha utoto wa mwuaji, hutuacha tufikiri kwamba shauri limekwisha: alipigwa, kwa hiyo akaua, hana kosa. Katika jambo hili twaomba mtazame nchi jirani, ambayo mtu wa Murongo huiona ng'ambo ya mto Kagera.

Mwaka 1987, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi, mtoto mmoja wa miaka ipatayo tisa, jina lake Dominic Ongwen, alikamatwa akiwa njiani kwenda shule. Waliomkamata walikuwa waasi wa Joseph Kony, ambao walithubutu kujiita jeshi la Bwana. Desturi ya jeshi hilo yajulikana. Watoto waliotekwa walipigwa, wakabebeshwa mizigo, wakalazimishwa kutazama wenzao waliojaribu kutoroka wakiuawa, na mara nyingi wakalazimishwa kuwaua kwa mikono yao wenyewe, ili waone kwamba hakuna tena nyumbani pa kurudi. Mtoto huyo alikua humo, akapewa bunduki, akapanda cheo hata akawa kamanda. Mwaka 2003 na 2004 askari wa jeshi hilo walizishambulia kambi za wakimbizi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, wakaua watu na kuteka watoto wengine, kama yeye mwenyewe alivyotekwa zamani.

Januari 2015 alijitoa, akapelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Tarehe 4 Februari 2021 mahakimu walimwona na hatia kwa makosa 61. Mawakili wake walisema kwamba yeye mwenyewe ni mtoto aliyedhulumiwa na kwamba akili yake iliharibiwa. Mahakimu hawakukubali kwamba hilo lamwondolea hatia. Alikuwa mtu mzima alipoyatenda hayo, naye alijua alitendalo. Lakini siku ya kumpa adhabu, tarehe 6 Mei 2021, hawakuufumbia macho utoto wake. Walikuwa na uwezo wa kumfunga maisha. Walimpa miaka 25, na kati ya sababu zao walitaja yule mtoto wa miaka tisa aliyekamatwa njiani. Mmoja wa mahakimu hao watatu aliona miaka 30 ndiyo ya haki. Rufani yake ilikataliwa Desemba 2022, na mwaka uliofuata akapelekwa Norway kutumikia kifungo chake.

Sisi twaona hukumu hiyo ina hekima kuliko sinema zote. Imesema maneno mawili kwa kinywa kimoja: mtu huyu ametenda uovu wala hakuna wa kuubeba badala yake, na mtoto huyu alitendewa uovu wala hatutausahau. Anayesema neno la kwanza tu ana moyo wa jiwe. Anayesema la pili tu awasahau waliozikwa Lukodi.

Tena yafaa tuwakumbuke wengine wasiosimuliwa. Maelfu ya watoto walitekwa na jeshi hilo hilo, wakatendewa yale yale, na wengi waliorudi hawakuendelea kuua. Huko Gulu walipokewa katika nyumba za kuwatunza, wakalishwa, wakasikilizwa. Katika vijiji vyao wazee waliwaita kwa desturi ya Waacholi, wakakanyaga yai kabla ya kuingia uani, iwe ishara kwamba amekuja nyumbani tena. Si wote waliokubaliwa na majirani zao, na wengine hata leo huitwa majina mabaya. Lakini palipopatikana mtu wa kusema, "Karibu, mwanangu," njia nyingine ilifunguka.

Sasa twarudi kwetu. Katika shule moja ya wilaya hizi, ambayo hatutaitaja, tulikuwa na desturi siku ya Ijumaa alasiri ya kuwaacha watoto wa darasa la sita wasimulie hadithi. Siku moja mvulana alisimulia sinema aliyoiona, ya kijana aliyemwua baba yake wa kambo usiku. Alipomaliza tukauliza darasa: Nani amekosa? Wote wakasema, "Yule kijana!" Ila mmoja, aliyeketi nyuma karibu na dirisha, mtoto mkimya asiyeinua mkono mwaka mzima, alisema polepole, "Hakukosa, mwalimu. Alichelewa tu."

Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka. Ilikuwa siku ya jua kali, naye alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu. Tulimwomba abaki kutusaidia kupanga vitabu, wala hatukumwuliza neno. Jumatatu tukamwomba tena, na Jumanne. Siku hiyo ya tatu alisema mwenyewe. Alikuwa akikaa kwa baba yake mdogo, akichunga ng'ombe zake kabla ya shule na baada ya shule. Ng'ombe akiingia katika mihogo ya mtu, alipigwa kwa mpira wa baiskeli. Akatuonyesha mikono yake. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo hatujalisahau: kila usiku alikuwa akihesabu hatua toka kitanda chake hata kitanda cha baba yake mdogo, nazo zilikuwa kumi na moja.

Jioni ile ile tulikwenda kwa mzee wa kanisa, kisha pamoja naye kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kesho yake kwa afisa ustawi wa jamii. Haikuwa kazi rahisi. Baba mdogo alisema kwamba waalimu wanaivunja nyumba yake, na kwa mwaka mzima hakuitikia salamu yetu. Mtoto alihamishiwa kwa bibi yake, mzaa mama, katika kijiji kingine. Hakuwa mtoto wa kwanza darasani, wala hakuwa mchungaji wala mwalimu. Leo ni fundi wa pikipiki, ana mke na mtoto mmoja, na watu humlipa kazi yake.

Lakini katika habari hiyo yote, lililotuuma zaidi ni neno la mama mmoja, jirani wa nyumba ile, mwanamke mwema mwenye kuja ibadani kila Jumapili. Alituambia, "Mwalimu, sisi tulikuwa tukimsikia akilia tangu zamani. Lakini ya nyumba ya mtu, utaingiaje?"

Wasomaji, mkizitazama tena hadithi za vijana wauaji, msimtazame mwuaji peke yake. Mtafuteni huyo jirani, kwa maana karibu katika kila hadithi yumo. Huonekana kidogo tu mwishoni, polisi wakiisha kuja. Asema, "Alikuwa mtoto mpole, hakuwa na neno na mtu." Au asema, "Tulikuwa tukisikia kelele." Kisha hatumwoni tena, na hadithi yampita kana kwamba ni mti wa kando ya njia. Sisi twasema hadithi nzima ilikuwa mikononi mwake, miaka mingi kabla ya damu, naye ndiye anayefanana na sisi. Wachache mno kati yetu watakuwa wauaji. Lakini jirani wa mtoto anayelia, kila mmoja wetu amekwisha kuwa, au atakuwa.

Twajua vilio hivyo vyatoka wapi. Mwenye mibuni ameuza kahawa ingali maua, ndiyo butura; mavuno yafika, gunia lachukuliwa na mwenye fedha, na ndani hamna chumvi. Baba arudi kutoka kwenye rubisi na hasira isiyo na mahali, nayo hutua juu ya aliye mdogo kuliko wote. Mtoto yatima apokewa na ndugu, kumbe amepokewa kwa sababu ya mikono yake ya kufanya kazi. Binti afungiwa kinywa kwa kuambiwa kwamba akisema, ukoo utaaibika. Na sisi waalimu pia tusijitoe katika hesabu. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko shuleni ziliweka mpaka: visizidi vinne, vipigwe na mwalimu mkuu au aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hata hivyo, Agosti 2018, katika mji wetu wa Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, kwa kudhaniwa kwamba ameiba mkoba. Mkoba huo hakuwa ameuchukua yeye.

Hapo watu hutujibu kwa methali: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nasi hatuikatai methali hiyo, maana mtoto asiyeonywa huja kuwaliza wazazi wake. Lakini methali yasema juu ya machozi ya kuonywa, si ya kuteswa, na kuna dalili za kuyatenganisha. Mzazi anayemrudi mtoto humwambia kosa lake, huwa na kiasi, na hasira yake hupita. Jioni hula pamoja. Mtesaji hana kiasi, hubadili sababu kila siku, na hupenda mlango ufungwe. Mtume Paulo, aliyewaagiza watoto wawatii wazazi, papo hapo aliwageukia akina baba akawakataza wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Wengi wetu tumelikariri agizo la kwanza tu.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa mtoto, na yampa kila mwananchi ajuaye jambo hilo wajibu wa kulipeleka kwa serikali ya mahali pake. Mtoto akishtakiwa kwa kosa, mahakama ya watoto hutaka kupata taarifa ya afisa ustawi wa jamii juu ya nyumba alimolelewa. Angalieni jambo hilo. Mahakama yauliza mwisho lile ambalo jirani alilijua mwanzo. Iko pia simu ya 116, isiyo na malipo, ya kusikiliza habari za watoto wanaoteswa. Na katika vituo vya polisi liko dawati la jinsia na watoto.

Basi, kwa wazee waliotuuliza, jibu letu ni hili. Msiwaruhusu watoto wadogo kutazama mambo ya damu, kwa kuwa ndoto zao ni dhaifu. Lakini vijana wakubwa, msiwafukuze tu katika mabanda, maana hadithi mtaifukuza mlangoni nayo itaingia kwa simu. Ketini nao. Ikiisha, waulizeni: Nani alijua kabla? Kwa nini hakusema? Sisi tungefanyaje? Na mtoto akijibu jibu ambalo wenzake walicheka, msimkemee. Mpeni kazi ya kupanga vitabu, mngoje.

Na usiku mkisikia kwa jirani kilio kisicho cha kawaida, cha kila juma, cha mtoto yule yule, msiseme kwamba nyumba ya mtu haiingiliwi. Mlango hupigwa hodi, na kulipokucha mwenyekiti wa kitongoji yuko, na mchungaji yuko. Mkiona vigumu kwenda peke yenu, nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake.